Tarehe ni ya Nani? Tikiti ya Ndege na Msafiri wa Nchi ya Chai

Ukikosa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi pale stendi ya Kericho, unapanda ya saa moja. Kama ulikuwa umeshalipia kiti na makanga anakufahamu, huenda usiongeze hata shilingi. Ukipenda, unaidandia mbele, Londiani au Nakuru, na hakuna atakayekuuliza kwa nini hukupandia stendi. Usafiri wetu wa barabara umezoea maisha ya watu: mtoto ameugua usiku, ng'ombe amezaa vibaya, lori la kiwanda limechelewa kuchukua majani. Unasogeza safari, basi.

Binamu yangu alikwenda na akili hiyo ya matatu hadi uwanja wa ndege. Tikiti yake ilianzia Kisumu, ikapita Nairobi, ikaishia Ghuba. Siku moja kabla ya kuondoka alipata lifti ya jamaa aliyekuwa anakwenda Nairobi moja kwa moja. Akaona heri: ya nini kushuka hadi Kisumu kwenye joto, na ndege yenyewe itarudi juu ya vichwa vyetu kwenda Nairobi? Ataingilia Nairobi. Kwenye kaunta aliambiwa hana safari. Kwa kuwa hakutokea Kisumu, mtambo ulikuwa umefuta vipande vyote vilivyobaki, vya kwenda na vya kurudi. Alidhani amekutana na mhudumu mkorofi. Masikini, mhudumu alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Masharti ya tikiti nyingi za namna hiyo yanasema vipande hutumika kwa mfuatano, na anayeruka cha kwanza hupoteza vinavyofuata. Alinunua tikiti mpya kwa bei ya siku ile, na deni lake alilimaliza baada ya mwaka.

Mazungumzo kuhusu ada za kubadilisha tikiti huishia kwenye kiasi: hawa wanatoza dola ngapi, wale ngapi. Kiasi kinauma, na nitakifikia. Swali linalonisumbua ni la kabla ya hapo: tarehe ya safari ni ya nani? Tikiti ya bei nafuu hudhani kuwa anayeinunua ndiye mwenye tarehe. Anajua atakwenda lini na atarudi lini, na akigeuza nia ni hiari yake, basi alipe. Zunguka Kericho na Bomet uwaulize waliowahi kusafiri mbali kwa ndege. Utakuta wachache ambao tarehe ilikuwa yao. Ilikuwa ya ubalozi, ya mwajiri wa Riyadh, ya chuo cha Kanada, ya marehemu, au ya bonasi ya chai.

Tuanze na barabara, maana kwetu safari ya ndege huanza na barabara. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba inayotua Kericho wala Bomet. Kiwanja cha Kerenga, katikati ya mashamba makubwa ya chai, ni cha ndege ndogo na helikopta za wakubwa. Sisi wengine hushuka Kisumu, kilomita 80 hivi kutoka mji wa Kericho, au tunakwenda Eldoret, au tunasafiri kilomita zipatazo 260 hadi Nairobi. Watu wa Bomet na Sotik hupitia Narok na Mai Mahiu. Njia hiyo ilikatika Machi 2018 ardhi ilipopasuka karibu na Suswa. Aprili 2024 maji yaliivamia Mai Mahiu usiku na kuua makumi ya watu. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi waliziba barabara kuu za kuingia Nairobi. Hayo yote yana sababu tofauti na uzito tofauti, lakini ndani ya tikiti yanasomeka kwa neno moja: abiria hakutokea. Na kutotokea, kwa kawaida, ni kosa kubwa kuliko kubadilisha. Aliyepiga simu kabla ya ndege kuruka hutozwa ada. Aliyekaa kimya kwenye foleni ya Mai Mahiu huku simu imeisha chaji anaweza kupoteza nauli yote.

Hapo pana kosa ninaloliona likirudiwa kila mwaka. Mtu hununua tikiti ya Kisumu hadi Nairobi kwa shirika moja, na ya Nairobi hadi Dubai kwa jingine, kwa sababu zikijumlishwa ni nafuu kuliko tikiti moja ya safari nzima. Tangu Jambojet ianze kuruka mwaka 2014 kama kampuni tanzu ya bei nafuu ya Kenya Airways, nauli za ndani zimewaonjesha ndege watu wengi wa magharibi ambao hapo awali wangeishia kwenye basi, na hilo ni jema. Ila tikiti mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, waliokuuzia wanadaiwa kukufikisha Nairobi tu. Wale wa Dubai watakuandika hukutokea. Ungekuwa na tikiti moja tangu Kisumu, kuchelewa huko kungekuwa mzigo wa muuzaji, naye angelazimika kukutafutia ndege nyingine. Zile shilingi elfu chache ulizookoa ndizo zilizokuwa bei ya dhamana hiyo. Hakuna aliyekuambia, kwa sababu hakuna aliyekuuzia safari nzima.

Kwa nini mashirika yafunge tikiti kiasi hiki? Mkulima wa chai anaweza kulielewa jibu upesi kuliko mtu wa mjini. Majani mawili na kichipukizi yakishachumwa, saa zinahesabika. Yakilala kwenye kituo cha kununulia chai kwa sababu lori la kiwanda cha Momul au Kapkoros limekwama kwenye tope, yanapata moto, yanageuka rangi, na kesho hayana thamani. Kiti cha ndege ni jani bichi. Mlango ukifungwa na kiti kiko wazi, hakiwekwi ghalani. Hakiuzwi tena milele. Ndiyo maana shirika linataka kujua mapema nani atakalia nini, na ndiyo maana linampunguzia bei yule anayekubali kufungwa. Ukiondoa vifungo vyote, bei nafuu nazo zitaondoka. Wanaodai ada zote zifutwe kesho asubuhi hukiruka kipengele hiki, nami siwezi kuwaunga mkono.

Lakini vifungo hivi vina historia, na historia hiyo inaonyesha vilitengenezwa kumkamata nani. Hadi miaka ya 1970 nauli za kimataifa zilikuwa zikipangwa kwa pamoja na mashirika yenyewe kupitia chama chao cha kimataifa, IATA. Tikiti ya bei kamili ilikuwa ghali, lakini ilikaa mfukoni mwaka mzima, ungeweza kuiacha wazi bila tarehe, na shirika moja liliweza kuipokea ya jingine. Marekani ilipofungua soko lake la ndani mwaka 1978, vita vya bei vikaanza. Januari 1985 American Airlines, ikipambana na People Express iliyouza viti kwa bei ya kutupa, ilileta nauli zilizoitwa Ultimate Super Saver: punguzo kubwa, ila kwa anayelipa mapema na kukubali masharti. Viti vilivyobaki viliendelea kuuzwa ghali kwa waliochelewa. Mwanzoni mwa 1987 People Express ilikuwa imekwisha, na mashirika mengi duniani yakaiga hesabu ile.

Masharti hayo yalikuwa chujio. Yalilenga kumtenga mfanyabiashara, ambaye mikutano yake huhamahama na bili yake hulipwa na kampuni, na mtalii wa familia, ambaye ana pesa kidogo lakini likizo yake inajulikana tangu Januari. Wa kwanza atalipa ghali ili awe huru. Wa pili atakubali kufungwa ili apate nafuu. Kwa Marekani ya 1985 ilikuwa akili kali. Ilete hapa kwetu Litein na chujio linageuka juu chini. Hapa mwenye tarehe ya uhakika ni meneja anayelipiwa na kampuni, na huyo ndiye hupewa tikiti inayobadilika. Mama anayekwenda kumwona binti yake aliyejifungua Minnesota ana pesa kidogo na hana hata siku moja ambayo ni yake kwa hakika, lakini ndiye anayenunua tikiti iliyofungwa kuliko zote, maana ndiyo aliyoimudu.

Sasa kiasi. Ndani ya ndege moja, viti vya daraja la kawaida vinavyofanana kabisa huuzwa kwa bei nyingi, kila bei na herufi yake katika mtambo. Herufi za bei ya chini huisha kwanza. Unapobadilisha tarehe, kuna malipo ya aina mbili, na watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni ada yenyewe. La pili ni tofauti ya nauli: herufi yako ikiwa imeisha kwenye ndege mpya, unapanda ngazi hadi herufi iliyopo na kulipa pengo lote. Tangazo likisema tikiti inabadilishwa bila ada, ni kweli, na bado unaweza kudaiwa pesa zinazokaribia nauli ya awali. Nimeona watu wazima wakigombana na wakala wa tikiti kwa jambo hili, kila mmoja akiwa na haki kwa namna yake.

Tupige hesabu ya kijijini. Kabla ya 2020, dola 200 ndiyo ilikuwa ada ya kawaida ya kubadilisha tikiti ya ndani katika mashirika makubwa ya Marekani. Za kimataifa ziliweza kuzidi. Ukichukua dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 26,000. Tuseme malipo ya kila mwezi ya majani mabichi ni shilingi 24 kwa kilo. Ada hiyo ni kilo 1,083, zaidi ya tani moja ya majani yaliyochumwa kwa vidole. Kwa mwenye ekari moja ni mavuno ya miezi kadhaa, kabla hajamlipa mchumaji wala kununua mbolea. Kwa Mmarekani wa kipato cha kawaida, dola 200 ni hasira ya siku moja. Ada ni ileile. Kinachotofautiana ni nani analipa.

Na kuna suala la kalenda, ambalo sijaona likizungumzwa popote. Mkulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hulipwa kwa awamu mbili: kiasi kidogo kila mwezi, kisha bonasi karibu na Oktoba, baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni. Bonasi ndiyo pesa yenye mwili: karo, mabati, ng'ombe wa gredi, na kwa wengine, tikiti. Upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa imezoeleka kuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki, jambo ambalo kila Oktoba huleta kelele, na si bure. Tazama inaingia lini. Safari kubwa za familia zetu ni za Desemba: shule zimefungwa, vijana wako tumdo, yaani jandoni, koito za posa zimepangwa, walio ng'ambo wana likizo. Viti vya bei nafuu vya Desemba huanza kuisha miezi mingi kabla. Pesa ya mkulima inapofika Oktoba, herufi za chini zimeshakwenda. Anayetaka kuziwahi lazima akope kwenye sacco mwezi wa Mei au Juni, na riba ya mkopo huo ni nauli ambayo haiandikwi kwenye tikiti.

Liangalie jambo hilo kwa upande mwingine. Katika chai, mkulima hutoa mali leo na kulipwa sehemu kubwa baada ya miezi. Katika ndege, hulipa leo na kuhudumiwa baada ya miezi. Kwenye chai anakikopesha kiwanda. Kwenye ndege anakopesha shirika. Mara zote mbili ni yeye anayengoja, na mara zote mbili jambo likiharibika katikati, mwenye pesa mkononi ndiye mwenye sauti. Dunia nzima ililionja hilo mwaka 2020. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Machi 25, zikarudi Agosti 1. Katikati hapo, mashirika mengi duniani yaliwapa wateja vocha badala ya pesa zao. Vocha ni kitu kizuri kwa mtu anayesafiri kila robo mwaka. Kwa familia iliyochangisha safari moja ya maisha, ni karatasi.

Neno kuchangisha ni zito, maana tikiti nyingi za huku si mali ya mtu mmoja. Utamaduni huo una umri. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliporuka kutoka Nairobi kwenda Marekani katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya, vijiji vilikuwa vimechanga kuwasaidia. Ndege ilikuwa ya kukodi, ya siku moja: uko au hauko. Leo mpango ni wa kikundi cha WhatsApp na namba ya M-Pesa, lakini roho ni ileile. Kijana akipata nafasi ya chuo, ukoo unakaa, kanisa linatangaza, mweka hazina anaandika majina. Tikiti ikinunuliwa, watu mia wamenunua tarehe moja. Visa ikichelewa wiki mbili, hakuna njia ya heshima ya kurudi kanisani kuomba mchango wa pili wa kubadilisha tarehe. Nimewahi kusikia mzee mmoja akiuliza kwa upole kabisa: si mlisema mmeshalipa?

Visa ndiyo mahali ambapo tarehe humponyoka msafiri kwa ukatili zaidi. Marekani yenyewe huwashauri waombaji wasinunue tikiti kabla visa haijatoka. Ushauri mzuri, ila chuo kinafungua siku fulani na bei inapanda kila wiki. Kwa visa za Schengen huhitajiwa ratiba ya safari iliyowekewa nafasi, na watu wengi hudhani hiyo ni tikiti iliyolipwa. Nafasi iliyoshikiliwa ni jina lako kwenye mtambo kwa siku au saa chache, bila malipo kamili; ikipita muda inafutika, na hakuna aliyeumia. Tikiti ni mkataba. Wakala mwaminifu atakueleza tofauti hiyo kabla hujatoa simu kulipa. Asiye mwaminifu anajua kuwa hutaiuliza. Na wengine hudhani bima ya safari itawaokoa visa ikinyimwa. Bima nyingi za kawaida hulipia hospitali, mizigo na kifo. Kunyimwa visa mara nyingi si mojawapo ya zile ajali zao.

Wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani wana hali yao. Tikiti hununuliwa na mwajiri au wakala wa ajira, na msafiri huiona usiku wa kuondoka. Vipimo vya afya vina mwisho, visa ina mwisho, na tarehe yote ni ya mtu aliye Jeddah. Hajui masharti ya karatasi aliyoishika, na hata akiyajua hana uwezo wa kuyagusa.

Jambo linalofanana na hilo huwapata wazee wanaotumiwa tikiti na watoto wao. Mwana yuko Texas, anaingia kwenye tovuti ya wauzaji wa bei nafuu, analipa kwa kadi, anatuma picha. Mama anaugua siku tatu kabla ya safari. Anapelekwa kwenye ofisi ya shirika, anaambiwa tikiti hii ilitolewa na muuzaji mwingine, huyo ndiye anayeweza kuibadilisha. Muuzaji ni namba ya simu inayocheza muziki, na kwao ni saa nane za usiku. Kununua moja kwa moja kwa shirika huwa ghali kidogo. Unachopata kwa tofauti hiyo ni mtu wa kumwendea.

Nisisahau majina, maana hapa lugha yenyewe inagombana na mtambo. Mtambo wa tikiti huandika majina kwa herufi kubwa, bila alama. Chepng'eno anakuwa CHEPNGENO, na hilo halina shida kama pasipoti inasomeka hivyo chini kwenye mistari ya mashine. Shida ni pale mjomba anapoandika jina la ubatizo na la ukoo kama anavyowaita nyumbani, wakati pasipoti ina mpangilio mwingine. Herufi moja au mbili mara nyingi hurekebishwa, wakati mwingine kwa malipo. Kuhamisha tikiti kwenda kwa mtu mwingine hakuruhusiwi karibu kote. Ungeweza kumwachia dada yako gunia la majani aliuze kwa jina lako. Kiti cha ndege huwezi.

Je, sheria inasemaje? Kuna mstari mmoja unaogawanya kila kitu: nani amebadilisha. Shirika likibadilisha, una haki. Ukibadilisha wewe, una mkataba tu. Marubani wa Kenya Airways walipogoma kuanzia Novemba 5, 2022, wasafiri maelfu walikwama, lakini angalau hakuna aliyeweza kuwaambia kuwa wao ndio walioharibu tarehe. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unalifanya shirika liwajibike kwa hasara ya ucheleweshaji. Haugusi hata kidogo ada ya mtu aliyehamisha safari kwa sababu mama ameugua.

Haki zenyewe hutegemea umepitia wapi. Majirani wawili wa Sotik wanakwenda Ulaya wiki ileile. Mmoja anapanda KLM kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Ndege ikichelewa kufika kwa saa nyingi kwa kosa la shirika, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inaweza kumpa euro 600, kwa sababu mwenye ndege ni shirika la Ulaya. Mwenzake yuko kwenye ndege ya Kenya Airways njia hiyohiyo: wakati wa kwenda kanuni hiyo haimhusu, wakati wa kurudi kutoka Amsterdam inamhusu. Na kinachoangaliwa ni nani anaendesha ndege, si nembo iliyoko kwenye tikiti. Anayeruka kupitia Doha kwenda Asia hana lolote katika hayo.

Marekani nako kuna kanuni ndogo ninayoiona kuwa ya maana kuliko fidia zote: tikiti iliyonunuliwa kwa shirika lenyewe siku saba au zaidi kabla ya safari inaweza kufutwa ndani ya saa 24 na pesa zote kurudi, au nafasi ishikiliwe saa hizo bila malipo. Inaokoa watu na makosa ya majina, ya tarehe, ya mwezi kusomwa kama siku. Mashirika makubwa ya huko yalikwenda mbali zaidi: Agosti 30, 2020 United ilitangaza kuondoa ada ya kubadilisha tikiti nyingi za ndani, Delta na American zikafuata mara moja. Mwaka uliotangulia, mashirika ya Marekani yalikusanya takriban dola bilioni 2.8 kwa ada hizo. Waliweza kuziacha bila kufa. Lakini tikiti za ngazi ya chini kabisa hazikuingizwa, na safari nyingi zilizoanzia nje ya Amerika Kaskazini zilibaki na masharti yake. Yaani aliyesahaulika ni yule mwenye tikiti rahisi aliyeanzia Nairobi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na anacholipia, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inapinga mauzo ya hila. Nikilisoma neno taarifa nakumbuka masharti ya tikiti: kurasa za Kiingereza cha kiwakili, zilizofungwa nyuma ya kisanduku cha kuwekea alama. Mtu aliyesoma masharti hayo yote kabla ya kulipa kwa M-Pesa sijakutana naye, na mimi si mmojawapo. Mambo manne tu yangetosha, kwa Kiswahili, juu ya bei: inabadilika au haibadiliki, kwa ada gani, nisipotokea nini kitatokea, na kodi zitarudi au hazirudi. Hilo la kodi linastahili kusemwa kwa sauti. Ndani ya bei ya tikiti ya kimataifa kutoka Kenya kuna ada ya huduma ya abiria ya dola 50 na kodi nyinginezo, na kwa tikiti ambayo haikutumika kabisa, sehemu hiyo mara nyingi hurejeshwa ukiidai, hata kama nauli yenyewe imepotea. Wengi hawaidai.

Nisingeomba ada zifutwe. Ningeomba saa 24 za kuikagua tikiti kwa kila anayenunua hapa nchini, na kwa aliyenyimwa visa akiwa na barua ya ubalozi mkononi, arudishiwe kilichobaki baada ya ada ndogo ya kazi. Barua hiyo ni ushahidi kwamba tarehe haikuwa yake. Shirika litasema kiti kilikaa bure. Kama taarifa ilitolewa wiki tatu kabla, kiti hicho kilikuwa bado ni jani shambani.

Mwaka mmoja nilikaa kwenye kikao cha mazishi karibu na Kapkatet, mwanzoni mwa Novemba. Marehemu alikuwa na mwana Minnesota ambaye tayari alikuwa na tikiti ya Desemba. Alikuwa anakuja kwa tumdo ya mdogo wake. Kikao kilipofika kwenye tarehe, simu iliwekwa katikati ya meza ikiwa na spika. Mwana akasema kuiwahisha safari ni ada na tofauti ya nauli, akataja kiasi. Mweka hazina akaandika kiasi hicho upande mmoja wa karatasi, upande wa pili akaandika ada ya mochari kwa siku, akazidisha kwa siku za hadi Desemba. Wazee wakatazama namba mbili. Mmoja akauliza kama hao wa ndege wanajua kuwa ni msiba. Mwana akasema aliwaambia, wakampa pole.

Alizikwa Ijumaa. Mwana aliangalia kwenye simu, picha ikikatika kila mvua ilipozidi. Alikuja Desemba kwa tikiti ileile, na asubuhi ya kwanza, kabla hajapewa chai, walimpeleka nyuma ya nyumba. Nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota.